Watoto Hai: Hakuna

Naanza na miguu, kwa sababu ndiyo iliyosifiwa kwanza. Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, miguu ilijaa hadi nikawa navaa kandambili za mume wangu, na kila aliyeingia dukani alinipongeza. Ninauza katika duka la pembejeo karibu na stendi ya Babati, mbegu na dawa za mifugo, kwa hiyo walioniona ni wengi. Wateja wa Singe, wa Nakwa, hata wale wanaoshuka kutoka Mbulu na magunia yao, wote waliniambia nimenawiri, Danieli ananilisha vizuri. Mama mmoja alinibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, akaona shimo limebaki palepale, akacheka na kusema huyo ni dume. Nami nilicheka. Siku hizi nikimwona mjamzito aliyevimba uso na miguu huku watu wanamsifu, natamani kupiga kelele.

Ninaandika kwa ajili ya huyo aliyevimba. Sina udaktari, na mambo ya mishipa na figo waulize wenyewe. Ninachokijua mimi ni benchi, foleni, na jinsi mtu anavyoweza kuulizwa maswali miezi na miezi bila yeyote kumjibu la kwake. Ukinisikia nina hasira, ni kweli ninayo, na sijaona sababu ya kuificha.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa amekufa. Kabla ya hapo kichwa kiliniuma sana sehemu ya mbele, na machoni nikawa naona vitu vinametameta kama vimulimuli, mchana kweupe. Kisha akaacha kucheza. Hospitali nesi aliweka kile kipembe cha kusikilizia tumboni mwangu, akakihamisha, akakihamisha tena, akaenda kumwita mwenzake, wakawa wananong'onezana wao kwa wao. Nilimzaa kama wanavyozaliwa wengine, kwa uchungu uleule. Alikuwa wa kiume. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa Mungu atanipa mwingine. Daktari aliyepita asubuhi alisema ni presha, akaandika, akaenda kitanda kinachofuata. Presha gani, imetoka wapi, itarudi? Alishanipa mgongo.

Nikarudishwa nyumbani Nakwa. Tunakaa uwanja mmoja na mama mkwe wangu, nyumba yake ikiwa upande wa zizi na yetu upande wa barabara. Yeye ni Mwiraki wa kule juu Mbulu, Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili. Mimi ni Mnyiramba wa Singida niliyeletwa hapa na kazi. Kwao, tangu zamani, mwanamke aliyepoteza mtoto namna ile alitengwa kwa muda ili mkosi usiwafikie majirani. Padri alishasema mambo hayo yaachwe, na mama mkwe mwenyewe angekuambia yaliachwa. Ila nilipofika nilikuta nimewekewa kikombe changu cha bati, sahani yangu na ndoo yangu ya kuogea. Neno kutengwa halikutamkwa hata mara moja. Niliambiwa nipumzike. Nilipotaka kwenda kwa jirani kuazima ungo, niliambiwa nipumzike. Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupanda, nisikatize mashamba ya watu, nipumzike.

Kadi ilisema nirudi hospitali kupimwa presha baada ya wiki chache. Wiki hizo zilipofika, mama mkwe alisema kwa upole kwamba njia ya kwenda barabara kubwa inapita katikati ya mashamba ya watu, tungoje kidogo. Danieli ni dereva wa trekta la kukodisha, na wakati wa kulima hakai nyumbani. Yeye alinijibu kwa simu kwamba mama anajua. Basi sikwenda, na yule daktari ambaye pengine angenijibu sikumwona tena. Mtoto naye hakutajwa tena katika uwanja ule. Huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake hupumzishwa, akawa Mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nilibaki mke wa Danieli nyumbani, na dada wa mbegu sokoni. Husemwa asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi nilikuwa nimezaa, na hata jiwe la kueleka sikupewa.

Mimba ya pili iliingia baada ya mvua za vuli. Mama mkwe aliijua kabla sijamwambia. Aliniona nikitema mate mlangoni asubuhi, akaweka kidole mdomoni, akaendelea kukamua. Mimba hapa haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe, hasa ya mtu aliyewahi kupoteza, na ukienda kliniki mapema wanawake wa mtaa mzima wanakuona umekaa kwenye benchi. Kwa hiyo masika yote nilivaa masweta makubwa ya mtumba, na Babati ina baridi ya kutosha watu wakuamini. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini ni wazee haohao waliotufundisha kuficha.

Nilikwenda kliniki pale sweta lilipokuwa halitoshi tena, mahindi yameshabeba. Ndipo nikawakuta watu wa utafiti. Walipewa chumba kimoja mwishoni mwa korido, na kazi yao ilikuwa kuwafuatilia wajawazito ambao mimba iliyotangulia iliwaletea presha au mtoto alifia tumboni. Nesi wao, Upendo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya ualimu, alinieleza bila haraka. Kuna kundi linalopewa kidonge kila siku: wengine chenye dawa, wengine kinachofanana nacho ambacho hakina kitu, na hata yeye hajui nani amepata kipi. Nilimwelewa haraka kuliko alivyodhani. Sisi wauza mbegu tunafanya hivyohivyo kwenye shamba la mfano, mistari kadhaa yenye mbolea na mistari kadhaa bila, halafu tunangoja mavuno yaseme. Tofauti ni kwamba sikuwahi kuwa mstari wa mahindi.

Nikasema niko tayari. Upendo akalipapasa tumbo langu, akaangalia tarehe nilizomtajia, akavua miwani.

"Umechelewa, dada," alisema. "Kidonge hiki kinaanzwa mimba ikiwa bado changa. Mbona hukuja?"

Nilitamani kulivua lile sweta nilitupe dirishani. Mtu anakuuliza mbona hukuja, na jibu lake ni ukoo mzima na mtaa mzima, utaanzia wapi? Nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi dukani.

Ningeweza hata hivyo kuingia kundi la pili, la wanaofuatiliwa tu. Wangenipima presha na mkojo kila nikija, wangechukua damu, wangemwangalia mtoto kwa ultrasaundi, na siku ya kujifungua wangechukua kondo la nyuma wakalichunguze. Nikamuuliza mimi nitapata nini. Akajibu kwa ukweli, na ukweli huo uliniudhi, kwamba pengine sitapata kitu, watakaofaidi ni wanawake wa baadaye. Niliweka sahihi, na nisikudanganye kwamba nilikuwa nawafikiria hao wa baadaye. Nilitaka mtu aliyesomea jambo hili akae mbele yangu mpaka nimuulize kwa nini mwanangu alikufa.

Basi nikaanza kwenda. Unafika asubuhi, unaweka kadi kwenye rundo, unakaa. Kadi yako inapanda juu ya rundo polepole, halafu anatokea anayefahamiana na mtu wa ndani, yako inarudi chini. Unatafuna karanga. Unasikiliza mwenzio akieleza jinsi alivyojifungulia njiani kwenye bajaji, na unajifanya umecheka. Ukiitwa chumba cha mwisho wa korido, kinaanza kile kilichonikera kuliko sindano zote, maswali yaleyale kutoka karatasi ileile.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya pili."

"Watoto hai?"

"Hakuna."

Mlango ule haukuwa unafunga vizuri, na benchi zima lilisikia. Safari iliyofuata, tena. Nyingine, tena. Nilimwambia Upendo majibu yangu anayo, ayanakili. Akasema utaratibu unamtaka aulize upya kila mara. Nikamwambia huenda anadhani watoto hai wataongezeka kati ya mwezi huu na ule wakati mimba bado iko tumboni. Alicheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki. Karatasi ile iliuliza kama navuta sigara, kama ninapikia kuni, kama mama yangu alikuwa na presha. Haikuuliza kama mwanangu alizaliwa na nywele. Alikuwa nazo, nyingi, nyeusi, zimelalia sikio.

Nisiwe mchoyo wa shukrani, kuna mambo yaliyonifaa. Mashine ya presha ya kliniki ya kawaida ilikuwa na ugonjwa wake wa betri, na mara nyingi waliopanga foleni waliambiwa warudi kesho. Ya watu wa utafiti ilifanya kazi kila siku. Mlinzi wa getini alinitolea kiti chake nilipokuwa nasubiri jua likiwa kali. Na mara ya kwanza ya ultrasaundi, Upendo aligeuza kioo nami nikaona moyo unavyopigapiga, kama mbegu inayotaka kupasuka. Nilitoka pale nikanunua muwa, nikaula wote njiani kama mtoto wa shule.

Nyumbani vita ilikuwa ya chumvi. Kliniki walishaniambia nipunguze chumvi, na mama mkwe, ambaye ushauri mwingine wote wa hospitali aliupitisha sikioni, huo aliukubali kwa nguvu zote. Akaiondoa chumvi jikoni. Maharage bila chumvi, mboga bila chumvi, yai bila chumvi. Nikala kwa adabu miezi yote ile huku ulimi unanililia. Kumbe makande, ambayo ndiyo tuliyokula karibu kila siku, aliendelea kuyapika na magadi ya kutosha kulainisha mawe, kwa sababu magadi si chumvi, ni magadi. Nilipomweleza Upendo nikidhani nimevumbua kinachoniua, akasema chumvi yenyewe si kubwa kiasi hicho katika presha hii ya mimba, cha muhimu ni nisikose kupimwa. Nilimwangalia. Mayai yote yale.

Lakini vita kubwa ilikuwa ya kondo. Kwa mama mkwe kondo la nyuma halitupwi wala haligawiwi. Bibi wa mtoto hulizika uani, karibu na zizi, na hapo ndipo mtoto anapokuwa na kwao. Aliposikia nimeweka sahihi wakalichukue, aliweka chini kibuyu cha maziwa na kukaa. Sokoni walishasema watu wale wanauza damu yetu Ulaya. Sasa na kondo?

"Mlimpa wa kwanza nafasi gani?" nilimuuliza. Sijui maneno yalitokea wapi. "La kwake lilizikwa wapi?"

Alichukua kibuyu chake, akaenda kwa ng'ombe. Tuliendelea kusalimiana, shikamoo mama, marahaba, basi, mpaka mahindi yakavunwa.

Danieli alikuwa katikati yetu kama kigingi, na kama kigingi hakusema kitu. Akirudi kutoka mashambani alipeleka nusu ya maneno yangu kwa mama yake na nusu ya maneno ya mama yake kwangu, akiacha nje kila lililokuwa na ncha. Nilimpenda hata hivyo, ila kuna siku nilitamani trekta lake liharibike mbali.

Mbaazi zilipoanza kuvunwa, duka likapungua wateja nami nikavimba. Safari hii nilijua maana yake, na kujua hakukunisaidia kitu, kwa kuwa kila niliyemwambia nimevimba alinijibu nimependeza. Pete ya ndoa iligoma kutoka kwa sabuni na kwa mafuta, ikabidi fundi baiskeli wa jirani aikate kwa koleo, huku akiniomba radhi. Hata hivyo kichwa hakikuniuma. Vimulimuli sikuviona. Siku ya kliniki nilikwenda nikiwa mzima kabisa kwa kujisikia, na hili naomba ulishike kuliko yote niliyoandika: nilijisikia mzima.

Upendo alipima mkono wa kushoto. Akapima wa kulia. Akaniambia nikae kimya, akapima tena. Akachovya kile kijiti kwenye mkojo wangu, kikabadilika rangi. Karatasi ya maswali ilikuwa mezani na siku hiyo hakuigusa. Alinishika mkono, akanitoa nje mwenyewe, akaita bajaji, na tukaenda naye hospitali, viatu vyangu nimevibeba mkononi.

Sindano zile za kuzuia kifafa cha mimba ni moto. Hakuna aliyeniambia, kwa hiyo nakuambia mimi: zinapoingia unasikia kama umemwagiwa uji wa moto kwa ndani, kutoka kifuani hadi nyayo, na unadhani unakufa. Hufi, kunapoa. Waliniwekea mpira wa mkojo, wakaniambia nilale ubavu wa kushoto, nikalala. Kisha tukaanza kungoja. Wa ultrasaundi yuko semina. Amerudi, umeme hakuna. Umeme umerudi, karatasi za kuchapishia hakuna, basi akaangalia kwa macho na kusema mtoto ni mdogo kuliko umri wake, hajakua tangu kipimo kilichopita. Nikauliza kwa nini. Akasema daktari atanieleza. Daktari alipokuja, nikauliza kwa nini. Akasema kwa sasa tuangalie usalama wa mama na mtoto. Wodi nzima ilijua mimi ni yule wa kwa nini.

Danieli alifika na vumbi la Kiteto, alikokuwa na trekta, kichwani. Daktari akatuambia tumbo halimfai mtoto tena, kule ndani hapati chakula wala hewa ya kutosha, na presha yangu inapanda licha ya dawa. Atolewe kwa upasuaji, ingawa mapema. Danieli alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, halafu akaingiza mkono mfukoni na kutoa simu ampigie mama yake.

"Ukimpigia kabla sijaingia chumba cha upasuaji," nilimwambia, "mimi nikitoka usinifuate."

Aliitazama ile simu. Akairudisha mfukoni, akaja akaninyanyua mto. Nilijiwekea sahihi mwenyewe.

Alikuwa wa kike. Nilisikia kilio chembamba mno, nikamuuliza aliyenishika kichwa kama ni paka. Akasema ni mwanao. Walimpitisha karibu na uso wangu wakaenda naye, nami nikabaki nikitetemeka kwenye meza ile, na kwa mara ya kwanza tangu mimba iingie nilikuwa sina swali.

Yaliyotokea mlangoni nilisimuliwa na Danieli, na kila akisimulia anaongeza. Mama mkwe alikuwa ameshafika, hakuna aliyemwita, ameleta ndoo ndogo yenye mfuniko. Upendo naye alikuwa amekuja na kopo lake lenye dawa. Wakakutana hapo. Danieli anasema alitamani kurudi Kiteto. Mama mkwe alitaka lote. Upendo alitaka lote. Walibishana kwa heshima sana, mama na mwanangu kila sentensi, mpaka Upendo akakubali kuulizia kwa wakubwa wake, akarudi akasema kipande kinatosha, kama kiberiti, na lililobaki ni la familia. Mama mkwe akasema atasimama aone kinapokatwa. Akasimama. Alipoangalia kondo lile, Danieli anasema, aliangalia muda mrefu. Lilikuwa dogo, lina mabaka meupe magumu kama mihogo mikavu. Ameshika makondo mengi mama yule, ya wanawe, ya wajukuu, ya ng'ombe. Alifunika ndoo yake, akapanda bajaji, akaenda kuzika.

Wengi hudhani ukishajifungua yamekwisha. Presha yangu ilibaki juu, nikabaki kitandani na kidonda, na mtoto akawa chumba cha watoto njiti, na kati yetu kuna ngazi ambazo sikuweza kuzipanda. Mtoto mdogo vile anahitaji kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, saa zote. Danieli alimshika siku ya kwanza akatoka jasho la woga. Basi mama mkwe aliporudi kutoka kuzika, hajapumzika, manesi wakamuuliza kama anaweza. Alivua sweta, akafungua vifungo, wakamfungia mtoto kifuani kwa kitenge, wakawafunika. Akakaa hivyo. Alikaa siku baada ya siku, akila huku mtoto yupo, akisali rozari huku mtoto yupo, akiwagombeza manesi kwa Kiiraki na kwa Kiswahili waliponyanyua kitenge na mikono ya baridi.

Nitasema ukweli, nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa nakamua maziwa kwenye kikombe, matone, nayapeleka kwa mkono wa mtu, na mwanangu anasikiliza moyo wa mwanamke aliyeninywesha kwenye kikombe cha peke yangu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko uchungu. Nilipoweza kupanda ngazi, nilimkuta amelala ameegemea ukuta, mdomo wazi, na chini ya kidevu chake kuna kofia ndogo ya sufu inayopanda na kushuka. Nilikaa karibu yao. Sikumwamsha.

Tulimwita Naomi. Tulirudi nyumbani mvua za vuli zikianza, nami sikukosa hata siku moja ya kurudi kupimwa presha. Nilikatiza mashamba ya watu katikati ya msimu wa kupanda, nimembeba mtoto kifuani, na mama mkwe alitembea mbele yangu akisalimia kila mwenye shamba kwa jina. Presha ilichukua muda kushuka, na vidonge nilivinywa mpaka masika. Kama wewe umejifungua na kichwa kinakuuma, usisubiri mtu akuruhusu.

Masika hiyohiyo Upendo alikuja Nakwa na karatasi yake ya mwisho. Tukakaa uani, mama mkwe akachambua mbaazi kwenye ungo akijifanya hasikilizi. Mimba ngapi? Mbili. Watoto hai? Mmoja. Nilidhani nitaifurahia siku ya kusema hivyo, na sikuifurahia. Kisha akafunga kabrasha, akasema niulize langu.

Nikauliza. Akasema kile kipande kilionyesha kondo lilikosa damu ya kutosha, sehemu nyingi zilikuwa zimeshakufa, na ndiyo maana Naomi hakukua. Nikasema ninauliza habari za wa kwanza. Akasema kwa huyo hakuna kilichohifadhiwa, hakuna aliyelichunguza kondo lake, kwa hiyo hawezi kuapa. Inawezekana kabisa ilikuwa hivyohivyo. Na kwa nini mimi na si jirani yangu? Hilo bado hawalijui, ndilo wanalolitafuta. Inawezekana. Bado. Miezi yote ile, damu yote ile, benchi lote lile, nikapewa inawezekana na bado. Nilikaa nikiangalia mikono yangu, na hasira ilikuwa imenifika hapa, shingoni.

Ungo ukanyamaza.

"Kwa hiyo yule alikufa njaa tumboni," mama mkwe alisema.

"Inawezekana, mama."

"Haukuwa mkosi."

"Hapana, mama," Upendo alisema, na hapo hakuweka inawezekana. "Ni ugonjwa."

Mama mkwe akaendelea kuchambua. Upendo alikunywa chai, akaaga, nikamsindikiza hadi barabarani, na niliporudi nilimkuta mama mkwe bado yuko palepale na mbaazi zimeshakuwa safi siku nyingi. Naomi alikuwa amelala mgongoni kwake. Aliniambia nikae. Akasema, bila kuniangalia, kwamba kabla ya Danieli alimzaa mwingine kule Mbulu, wa kike, hakulia. Alikaa peke yake nyumba ya nyuma mpaka mavuno. Mumewe hakuwahi kumtaja mpaka amekufa. Akapepeta ungo usiokuwa na takataka.

"Yule wako ulimpangia jina gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Si hospitali, si utafiti, si Danieli. Nilijibu haraka, kama mtu anayeogopa swali litachukuliwa tena. Nikasema Elia. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi. Akaitikia tena, akainuka kwenda kukamua.

Sikutegemea lolote zaidi. Asubuhi yake nilikuwa ndani namvisha Naomi, nikasikia sufuria zinagonganagongana jikoni kwake, kisha sauti yake ikaita kwa nguvu, kiasi cha majirani wa upande wa pili wa barabara kusikia na kugeuka kutafuta ni nani huyo anayeitwa.

"Mama Elia, njoo, chai inapoa."